Siku Alipokufa Mbwa wa Mwalimu

Habari za kifo zilinikuta Msamvu, stendi, nikisubiri kifurushi kutoka Dodoma. Dereva mmoja wa bodaboda ninayefahamiana naye alinisogelea akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akashangaa kwamba sijui, akaniambia yule bwana anayetuletea mitungi ya gesi mtaani kwetu amezikwa jana baada ya swala ya alasiri. Nikauliza kama ni ajali, maana kwa watu wa pikipiki ndilo swali la kwanza linalokuja mdomoni. Akasema si ajali, ni mbwa. Nikamwambia mbwa gani tena, yule aling'atwa zamani na kidonda kikapona, mimi mwenyewe nilimwona baada ya hapo akipandisha mtungi kwenye ngazi za nyumba yangu huku anapiga mluzi. Akanijibu, "Ni huyo huyo mbwa, mzee. Hakuna mwingine." Kisha akapata abiria, akaondoka. Nami nikaondoka, kifurushi changu nikakiacha pale pale ofisini kwa watu wa basi. Hadi leo ninapoandika sijaielewa vizuri habari yenyewe, na msomaji wangu wa kila wiki atanivumilia nikienda mbele na kurudi nyuma, kwa sababu ndivyo akili yangu inavyokwenda tangu siku ile.

Marehemu hakuwa rafiki yangu kwa maana ya kutembeleana. Alikuwa mtu wa Kinole, huko juu kwenye migomba na mdalasini, aliyeshuka mjini akiwa kijana, akafanya kazi hii na ile, na mwisho akatulia na pikipiki na mitungi ya gesi. Mwili wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kila alipoinama kuubeba mtungi mkubwa nilitamani kumsaidia, na kila nilipojaribu alinikatalia kwa heshima. Mfukoni alitembea na kipande cha sabuni kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akishafunga mtungi, aliomba maji kidogo kwenye kikombe, akachanganya, akapaka povu kwenye maungio ya mpira, akachuchumaa kuangalia kama gesi inavuja. Hakuna siku alipoiruka hatua hiyo. Mara moja nilikuwa nimechelewa kikao, nikamsihi aache, akasema sawa mzee, na huku anasema sawa anaendelea kupaka. Haikuvuja hata kidogo. Aliridhika, akaaga, mimi nikafika kikaoni watu wamekwisha kufika kwenye mengineyo. Nilikasirika naye hadi jioni, na ninapolikumbuka hilo sasa roho inaniuma, kwa sababu mtu mwangalifu namna ile ningetegemea afe kwa uzee.

Ukimpa chai, ndipo alipozungumza, na mazungumzo yake aliyoyapenda zaidi yalikuwa ya mageti. Alinieleza kwamba mji huu umejaa maandishi ya "Mbwa Mkali" kuliko mbwa wenyewe. Kuna nyumba moja mtaa wa Forest ambayo maneno hayo yameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, na chini yake picha ya jibwa lenye meno ya kutisha. Alikwenda mara ya kwanza kwa woga mkubwa, akakuta ndani kuna bata. Mwenye nyumba akamweleza bila aibu kwamba mbwa anakula sana, maandishi hayali kitu. Basi akajifunza kwamba geti lililoandikwa unaingia bila wasiwasi, na geti la kuogopwa ni lile lisiloandikwa chochote, hasa kama mtu wa ndani hanyanyuki. "Unapiga hodi," aliniambia, "unamsikia mtu yuko sebuleni anasema karibu, pita tu, hang'ati huyo. Sasa mimi nitamwambiaje mtu mzima aje kwanza amfunge? Nitaonekana namdharau." Tulicheka. Yeye aliigiza sauti ya mwenye nyumba aliyekaa mbele ya televisheni, nami nikaongeza ya kwangu, chai ikapoa.

Nimelifikiria sana neno hilo, pita tu. Sisi tumelelewa kuamini kwamba mgeni akipiga hodi, jibu ni karibu, na kwamba kumwacha mtu amesimama nje ni ukosefu wa adabu. Ni malezi mazuri, siyabezi. Lakini malezi hayo yalitungwa wakati anayebisha hodi alikuwa jirani, shemeji au mtoto aliyetumwa chumvi, na uani kulikuwa na kuku. Siku hizi kila kitu kinaletwa. Gesi inaletwa, maji ya kunywa yanaletwa, chipsi zinaletwa zikiwa za moto, mizigo kutoka kwenye mabasi inaletwa hadi mlangoni na kijana ambaye hujawahi kumwona na hutamwona tena. Mchele wa Dakawa, ambao zamani ulikuwa safari ya kujipangia, leo unaupigia simu tu. Maana yake geti langu na lako limegeuka kuwa mahali pa kazi pa mtu mwingine, na sisi tuliomo ndani hatujagundua kwamba tumekuwa na wafanyakazi. Bado tunajibu karibu, pita tu, tumekaa, na mbwa yuko nje anaamua mwenyewe nani apite.

Sasa nije kwa mwalimu. Huyu ni mama mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mjane, mwenyeji wa Gairo, na watoto wake wote wako mbali. Nusu ya mtaa wetu amewafundisha kusoma, na watu wazima wenye vitambi wakimwona wanaficha sigara. Wezi waliwahi kuingia kwake wakabeba televisheni na hata sufuria lililokuwa jikoni na maharage ndani yake, na tangu hapo ndugu zake wa Gairo walimletea mbwa, dume la rangi ya kahawia, angali mdogo. Alimpenda. Alimpeleka mwenyewe kwenye chanjo, siku wataalamu wa mifugo walipokuja na meza yao uwanjani, akarudi akituambia sote kwamba mbwa wake amechanjwa. Ilikuwa miaka mingi iliyopita, na hakurudia, kwa kuwa alidhani ni kama chanjo ya ndui aliyochanjwa yeye utotoni, ukichomwa umechomwa. Na kila jioni, kama wafugavyo wengi hapa kwetu, alifungua geti kidogo ili mbwa atoke akazunguke, kisha arudi mwenyewe. Mchana yule mbwa alikuwa na mwenyewe, na ikifika jioni hana. Alikokuwa anakwenda, na nani au nini alipambana naye huko, hakuna anayejua.

Siku ya tukio mtu wa gesi alifika kwa mwalimu kama alivyozoea kufika. Mwalimu alikuwa jikoni anachambua mchicha, akajibu kutoka huko huko, "Karibu baba, pita, hana neno." Na kweli siku zote hakuwa na neno, mbwa alimfahamu mtu huyu na pikipiki yake. Ila siku mbili tatu hizo mbwa alikuwa amegoma kula na kujificha chini ya tangi la maji, kimya, hataki kuguswa. Mwalimu alidhani amekula kitu kibaya. Sisi sote tumekariri kwamba mbwa mwenye kichaa anakimbia barabarani mate yanamtoka, watu wanapanda ukutani. Huyu alikuwa amelala. Marehemu alipopita na mtungi begani, alitoka bila kubweka akamshika kwenye shavu la mguu, akaachia, akarudi chini ya tangi. Mwalimu alikuja mbio na kandambili mkononi. Na hapa ndipo ninapozidi kuchanganyikiwa, maana aliyeomba radhi ni aliyeng'atwa. Alisema samahani mama, nadhani nilimkanyaga mkia.

Mwalimu alimpaka spiriti kwa pamba, akamwambia asiwe na wasiwasi, mbwa amechanjwa. Nani angebishana na mwalimu? Akafunga mtungi, akapaka povu lake, akaangalia, akaenda zake. Haya alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, na kilichokuwa kikimsumbua wakati ananisimulia hakikuwa mguu. Kilikuwa suruali. Mate ya mbwa ni najisi, na kesho yake ilikuwa Ijumaa, na suruali ile ndiyo aliyokuwa akiitegemea. Alifika nyumbani akaifua kwa udongo na kwa maji, akarudia na kurudia kama alivyofundishwa madrasa, mpaka akatosheka kwamba inafaa kuswalia. Suruali ilioshwa vizuri kuliko kidonda. Wataalamu wa afya wanasema jino la mbwa likikuingia, jambo la kwanza ni sabuni na maji yanayotiririka, tena kwa muda mrefu bila haraka, halafu mbio hospitali ukachomwe sindano. Sabuni ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Simlaumu, na sitaki mtu amlaumu, kwani alitunza kile alichofundishwa kukitunza. Kidonda kilifunga haraka, akaendelea na kazi.

Jambo lililofuata sikulijua mpaka baada ya mazishi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku chache baada ya kumng'ata mtu, yule mbwa alikufa. Mwalimu alimkuta asubuhi chini ya tangi, amekakamaa, mdomo una povu. Akaita jirani wa upande wa pili, na jirani akatoa hukumu pale pale: sumu, wezi wamerudi. Kwa mji wetu ni hukumu ya mtu mwenye akili timamu, kwa sababu wezi wetu ndivyo wafanyavyo, wanatupa kipande cha nyama chenye sumu, wanasubiri mlinzi afe, kisha wanaingia. Mwalimu alilia. Akamfukia mbwa nyuma ya nyumba, akaita fundi akaongeza seng'enge juu ya ukuta, akapigia simu watoto wake wote, akamwarifu balozi wa nyumba kumi, akawaonya majirani wafunge milango, ila kifo cha mbwa hakukitaja, mtaa usijue kwamba hana tena mlinzi. Kila aliyestahili kuonywa juu ya wezi alionywa. Mtu wa gesi hakuambiwa, kwa kuwa yeye alihusiana vipi na wezi?

Baadaye mguu ulianza kumwasha pale pale palipokuwa pamepona. Homa ikaja, akanywa dawa za malaria kutoka duka la dawa. Kisha akashindwa kulala, akawa anashtuka na upepo ukimpiga, na akiletewa maji koo linakaza na mikono inatetemeka. Mke wake alitaka hospitali. Lakini kwa Waluguru mjomba wa mgonjwa ana neno lake, na mjomba aliposhuka kutoka Kinole na kumwona mpwa wake anaogopa kikombe cha maji, alisema haya si mambo ya sindano, akampandisha mlimani kwa wanaojua. Simcheki mjomba. Ningekuwa yeye, na nimeona nilichosimuliwa kwamba alikiona, sijui ningefikiria nini. Walipomteremsha na kumfikisha hospitali, daktari aliuliza kama aliwahi kung'atwa na mbwa, wakasema ndiyo, zamani kidogo. Akauliza mbwa mwenyewe yuko wapi. Hakuna aliyejua kwamba mbwa alikwisha kufa, na wakati huo dawa ilikuwa haimsaidii tena.

Jioni ile niliyotoka Msamvu, mwalimu alinikuta getini kwangu. Alikuwa amevaa khanga mbili na ameshika kikapu chenye sukari na mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba baba. Alikuwa ameuliza nesi mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, na kwa maswali mawili tu nesi yule alikuwa amemfungulia kila kitu: haikuwa sumu, mbwa alikuwa na kichaa. Alitaka nimsindikize msibani. Alitaka pia nimwambie kama aseme au asiseme, maana mtaani watu walikuwa wanajua mbwa ni wake ila, ukimwondoa jirani yule, hawakujua kwamba mbwa alikufa, na kama angenyamaza wafiwa wasingelijua hilo kamwe. Mimi ninayewashauri ninyi kila wiki juu ya mambo yasiyonihusu nilikosa la kumwambia. Mara nikafikiri aseme, ni haki ya mke. Mara nikafikiri mke ameshafiwa, atafaidika nini kuongezewa jambo hili?

Msibani wanaume tulikaa nje chini ya turubai, na mwalimu akaingia ndani kwa wanawake. Kiti changu kilikuwa karibu na dirisha lenye pazia tu. Mjomba alikuwa pembeni yangu, ananieleza kwa lafudhi yake ya mlimani jinsi mpwa wake alivyokuwa mtoto mtiifu, nami nikimwitikia huku sikio langu liko dirishani. Nilisikia salamu, nikasikia pole, nikasikia kikapu kikipokelewa. Kisha sauti ya mwalimu, ile ya darasani, ila imepungua nguvu.

"Mwanangu, yule mbwa alikufa. Alikufa siku chache tu baada ya kumng'ata mumeo. Nilimfukia, nikanyamaza."

Mjane hakupaza sauti.

"Sasa mama, kwa nini hukumwambia?"

"Nilidhani ni wezi."

Hata mjomba aliyasikia hayo, akaacha hadithi yake katikati. Nilingoja mjane alie, au amfukuze, au amwambie amesamehewa, na katika hali ile yoyote kati ya hayo ningeyaelewa. Alichosema ni hiki: "Na sisi tulidhani ni malaria." Baada ya hapo nikasikia mkeka ukiburuzwa kidogo, kama mtu anayesogea ili mwenzake apate pa kukaa. Mwalimu alikaa humo mpaka giza likakaribia.

Tulipokuwa tunarudi aliniuliza kama, kwa nilivyosikia, amesamehewa. Nilimwambia sijui. Aliniuliza pia kama yeye ndiye aliyemuua, na hilo nalo nikamwambia sijui, ingawa najua kwamba mtu mwingine angempa jibu la kumtuliza. Nimeshindwa kulipanga jambo hili likakaa sawa. Nikimlaumu mwalimu, namkumbuka mama anayekaa peke yake ambaye wezi walimwibia hadi maharage. Nikimlaumu mjomba, namwona mzee aliyebeba mpwa wake mgongoni kupandisha mlima. Nikimlaumu jirani aliyesema ni sumu, najiuliza mimi ningesema nini. Kila mmoja alifanya kitu ambacho mtu mwenye akili zake angekifanya, na mwisho wake tumezika mtu, na watoto wake wamebaki. Naikasirikia hali hii na sijui nimkasirikie nani.

Ila kuna machache ambayo hata mtu aliyechanganyikiwa kama mimi anayaona. Mbwa ni wako mchana na ni wako jioni, na geti likibaki wazi amebaki kuwa wako huko aendako. Chanjo yake inarudiwa kila mwaka. Mtu akipiga hodi ameleta mzigo wako, mwambie asubiri, nyanyuka, mfunge mbwa, ndipo umwambie karibu, na hatakuona huna adabu. Mbwa wako akimng'ata mtu, usimtetee, hata kama umemlea tangu mdogo. Mfunge umwangalie kila siku, mwoshe mtu yule kidonda kwa sabuni na maji tele, na mpeleke hospitali wewe mwenyewe hata akikataa kwa kukuheshimu. Na mbwa huyo akifa, iwe kwa sumu, kwa uzee au kwa sababu usiyoijua, kabla hujamwita fundi wa seng'enge na kabla hujashika jembe, mpigie simu aliyeng'atwa, awahi sindano. Mwalimu namba alikuwa nayo, maana ndiyo aliyokuwa akiagizia gesi. Asubuhi ile alipokuwa akimfukia mbwa, yule bwana alikuwa mzima, yuko kazini, na simu yake ilikuwa hewani.